Mawe ya Ukuta wa Bondeni

Amu, 6 Rajabu 1375

Baba yangu mpenzi, Bwana Madi bin Yunusi, huko kwetu Siyu,

Nakubusu mkono. Mimi mzima. Shangazi Mwanamkisi naye mzima, ila goti lake ni lile lile, na kila akilisahau ngazi za nyumba hii humkumbusha.

Jana walikuja wakwe. Bi Hindu mwenyewe, mamake Shekhan, pamoja na nduguze, wamejifukiza udi mpaka paka wa shangazi akapiga chafya. Wakala visheti, wakanywa kahawa, wakaitazama kofia ninayoishona, wakasema mkono wangu mwepesi. Nikajisemea, alhamdulillahi, leo nimepita. Kumbe wapi! Walipokuwa wanavaa viatu, Bi Hindu akamgeukia shangazi kwa ile sauti yake ya asali: "Na kwenu Siyu, bibi harusi huwekwa wapi? Nasikia siku hizi nyumba zimebaki za makuti." Shangazi akamwambia kwetu baba humjengea binti yake nyumba kabla hajaozwa, na kwamba wewe unajenga ya mawe. Bi Hindu akasema, "Inshallah tutaiona," akatoka.

Sikulala vizuri, baba. Najua unajenga, na najua mkono wako umekuwa mzito tangu mama afariki. Lakini kama yawezekana, iwe na orofa. Na kuta za ndani zipigwe chokaa ile laini inayong'aa, na ziwe na zidaka za kupangia sahani. Nimetaka makubwa? Wewe ndiye uliyenidekeza, basi mzigo ni wako. Sitaki Bi Hindu aje Siyu aanze kutafuta pa kukanyaga.

Nisalimie jirani yetu Umulkheir na mumewe Mohdhar.

Mwanao,
Kulthum


Siyu, 18 Rajabu 1375

Kwa binti yangu Kulthum, anayemsumbua shangazi yake Amu,

Salamu nyingi na dua. Barua yako nimeisoma mwenyewe bila miwani, kwani miwani imekaliwa na mbuzi, kwa hiyo ilinichukua tangu adhuhuri hadi alasiri. Huyo Bi Hindu mwambie Siyu ilikuwa na nyumba za orofa wakati babu zake wangali wakianika papa. Au usimwambie. Mwache aje aone.

Orofa utaipata. Nilikuwa na shida ya mawe. Kuchimba matumbawe mwambani, uyaache yakauke, ndipo uyachonge na mengine uyachome chokaa, harusi ingetupita na nyingine ikaja. Nikawa nawaza hayo huku nashuka mashamba ya bondeni kuitazama tumbaku yangu. Mwiba ukanichoma, nikakaa juu ya ule ukuta wa kale, ule uliopita kati ya mikoko na mashamba, nikaung'oa ule mwiba. Hapo ndipo nikajiuliza: Madi, umekalia nini? Mawe, mwanangu! Makavu, ya zamani, yamekaa pale yamefunikwa magugu, hayana mwenyewe. Ukuta umebomoka hapa na pale, hauzuii hata mbuzi. Sikumwuliza mtu kwa kuwa hakuna wa kuulizwa.

Mohdhar anayapandisha kwa punda zake. Mazuri yanakwenda kwenye orofa yako, yaliyovunjika yanakwenda kwenye tanuri la chokaa. Na mikoko iliyokuwa imesimama mbele ya ukuta nimeikata pia, minene ikawa boriti, iliyobaki ikawa kuni za tanuri. Moshi wake ulijaa mji mzima, watu wakanitania kwamba Madi anampikia bintiye pilau ya mawe. Niliwaambia waje wale.

Shekhan nimemwandikia. Harusi ni Mfunguo Mosi, tukishamaliza Idi.

Babako,
Madi bin Yunusi


Amu, 26 Rajabu 1375

Baba,

Nimecheka peke yangu mpaka shangazi akaja kuniuliza kama nina homa. Ule ukuta! Kila nikienda kisimani nikiwa mdogo lazima unichune mguu, na siku moja niliangusha mtungi juu yake nikapigwa kwa ajili yake. Bomoa, baba. Usibakishe hata jiwe. Nitalala juu yake kwa raha zangu, tuone nani mshindi.

Nimemwambia Bi Hindu kuta zitakuwa nyeupe. Akaniuliza nyeupe kiasi gani. Nikamwambia, kiasi ambacho hutahitaji taa. Shangazi alinifinya, lakini naye alikuwa anacheka.

Mwanao,
Kulthum


Siyu, 19 Shaabani 1375

Kwa binti yangu Kulthum,

Salamu na dua. Nakuandikia kwa haraka kwa sababu mashua ya Pate inaondoka.

Mungu ametupa mtihani. Bamvua la mwezi mpevu, yale maji makuu, lilikuja na upepo nyuma yake. Watu walikuwa wanatoka msikitini baada ya alasiri, wakasikia wanawake wanapiga kelele bondeni. Bahari ilikuwa imeingia mashambani. Sivyo kama inavyolowesha kila siku. Imeingia hasa, imetembea kwenye mtama na tumbaku, ikafika kisimani. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Nyumba yako iko upande wa juu, haikuguswa hata kizingiti. Maji ya kisima yamekuwa na chumvi kidogo. Mabirika yetu ya mvua unayajua, mwezi huu huwa yamekauka, kwa hiyo watu wanapata tabu kidogo.

Ni qadari ya Mola, na dhambi zetu ni nyingi. Watu wamekaa, wakaafikiana tuuzungushe mji ng'ombe, kama desturi tukipatwa na balaa. Nami nimemtoa fahali wangu mweusi. Tukamzungusha mji mzima, watoto mbele, masharifu wakisoma, mpaka ukingo wa bonde, akachinjwa, watu wakala. Wazee walinishukuru mbele ya msikiti. Mwalimu aliniombea dua kwa jina langu na la babangu.

Usiwe na wasiwasi. Orofa imeisha, bado kupiga chokaa tu. Omba dua, mwanangu. Mimi naomba sana siku hizi.

Babako,
Madi bin Yunusi


Amu, 27 Shaabani 1375

Baba yangu mtukufu,

Habari ya fahali ilifika Amu kabla ya barua yako. Mwuza samaki wa kutoka Pate ndiye aliyeileta, akaisimulia sokoni, na mpaka jioni kila nyumba ya mtaa huu ilikuwa inajua kwamba babake Kulthum ametoa ng'ombe wake kuukinga mji. Shangazi alivaa buibui lake jipya akatoka bila haja yoyote, ili aulizwe tu.

Na Bi Hindu alikuja mwenyewe, bila nduguze, akanishika shavu. Akasema, "Mtu hujulikana siku ya balaa." Baba, nilifurahi hata nikaona haya. Nilikaa sawa kama mke wa mtu.

Nakulilia mazao yako na maji. Lakini naona fahari, sikufichi. Umulkheir nasikia amemleta Amu juzi mwanawe Athman, mtoto anaharisha. Nitamwendea na uji.

Mwanao anayejivunia,
Kulthum


Amu, 4 Ramadhani 1375

Baba,

Sijui nianze vipi. Nimeichana karatasi moja, na hii nitaituma kama ilivyo, kwa hiyo vumilia maandishi.

Nilimwendea Umulkheir. Amepanga chumba kwa watu wa Pate, nyuma ya msikiti. Mtoto amekuwa mifupa na macho. Daktari amesema ni maji, asipewe tena maji ya kile kisima, na inshallah atapona. Nikakaa, nikampa pole, na mimi mpumbavu nikaleta habari ya fahali. Nikasema, Mungu amlipe baba. Nilikuwa natazamia aseme amin.

Akaendelea kumpepea mtoto. Halafu akasema, "Fahali tulimla, Kulthum. Alikuwa mnono. Lakini bahari haikuja kwa kukosa fahali. Ndia ya bahari imefunguliwa na babako, na mume wangu ndiye aliyembebea mawe."

Nikasema, ule ukuta hauzuii hata mbuzi. Maneno yako, baba, yalinitoka kama yangu. Akaniambia, "Haukuwekwa kuzuia mbuzi." Shamba lake liko pale, yeye huliona bamvua kila mwezi. Anasema maji yalikuwa yakija mpaka kwenye mikoko yakapungua nguvu, yakafika kwenye ukuta yakasimama, yakarudi. Yakipenya pale palipobomoka, yalikuwa kidogo, mvua moja inayasafisha. Safari hii hayakukuta mkoko wala jiwe. Na anasema si mara moja tu. Bamvua la kuandama mwezi wa Ramadhani, ameletewa habari, limeingia tena, na litaingia kila mwezi ukiandama na kila ukipevuka, na kusi ndiyo kwanza linaanza. Mvua za masika zikinyesha juu ya ardhi ambayo bahari inairudia kila nusu mwezi, zitakuwa kazi bure. Siyu haitakuwa na maji, baba. Watu watahama.

Nilikuwa nimekaa pale na hina yangu mikononi, na bakuli langu la uji, na furaha yangu. Mimi ndiye niliyesema usibakishe hata jiwe. Uso uliniwaka hata nikashindwa kuaga. Shangazi nimemwambia naumwa kichwa.

Nijibu hili moja tu. Ulipowapa watu fahali, ulikuwa unajua? Na kama ulikuwa unajua, umewaambia?

Kulthum


Siyu, 12 Ramadhani 1375

Kwa Kulthum,

Barua yako imenifika nikiwa nimefunga na niliifungua kabla ya magharibi, jambo nililojutia.

Tangu lini binti humhoji babake kama karani wa mahakama? Bahari ni ya Mungu. Huiamuru yeye, si ukuta wa Madi wala si mikoko. Je, watu wa Siyu hawakuwahi kuona maji makubwa kabla ya haya? Umulkheir ni mwanamke mwenye mtoto mgonjwa, na mwenye mgonjwa hutafuta wa kumlaumu. Nimemsamehe.

Nyumba imeisha. Chokaa imeng'arishwa kwa jiwe, na zidaka zimepangika ukuta mzima. Ukisimama mlangoni huoni doa. Harusi imekaribia. Nakuomba, nakusihi kama babako, usilitamke neno hili mbele ya Bi Hindu wala mtu yeyote mpaka uwe umeolewa. Kisha mimi mwenyewe nitatafuta namna.

Umeniuliza, nitakujibu. Siku ile ya kwanza sikuwa najua. Nilisimama bondeni na watu wote, tukitazama. Nikaona maji yanaingilia wapi. Yaliingia pale pale nilipoondoa, kama mtu anayepita mlango aliofunguliwa. Kila mtu alikuwa analia mtama wake, nami nikafunga mdomo. Ndipo mtu mmoja akasema tuzungushe ng'ombe, nikasikia sauti yangu inasema, mchukueni wangu.

Sikuwaambia. Nikipita barazani husimama kuniamkia. Mwalimu hunisogeza safu ya mbele. Laiti wangenitukana! Kila wanaponishika mkono nataka kuzama ardhini. Nasema kesho nitasema, na kesho wananishika mkono tena.

Nimekuandikia zaidi ya nilivyokusudia. Ichome barua hii.

Babako


Amu, 17 Ramadhani 1375

Baba,

Sikuichoma.

Umenidekeza, ukanilea peke yako, umenifundisha kusoma wakati wanaume wenzako walikucheka. Kwa hiyo sitakutukana, wala usidhani nimekuchukia. Lakini usinitwishe ukimya huu kama sehemu ya zawadi yangu ya harusi. Na Mungu tusimsingizie. Yeye alileta maji kwa mpango wake wa siku zote, mwezi ukipevuka, mwezi ukiandama, jambo ambalo hata watoto wa Siyu wanalijua. Waliokuwa kabla yetu walilijua wakaweka ukuta. Sisi tumelijua vile vile, tukautoa ili Bi Hindu asicheke.

Nimekwenda kwake. Nimemwambia mwenyewe, na Shekhan akiwa nyuma ya pazia anasikia. Nilisema kwamba orofa nyeupe niliyojisifia imejengwa kwa mawe yaliyokuwa yakizuia bahari, na kwamba nakwenda kuibomoa. Bi Hindu alinitazama kama niliyevua nguo. Hakunifokea. Alisema tu, "Basi tutasubiri tuone," akauliza kama nimefuturu. Siku iliyofuata wakaleta habari kwamba harusi isogezwe mpaka baada ya mahujaji kurudi. Sijui kama ni kusogeza au ni kukataa kwa adabu. Shangazi analia na goti lake.

Uliniambia nyumba ni yangu. Basi mwenye nyumba amesema. Mawe ya orofa yarudi bondeni kabla ya bamvua la katikati ya Mfunguo Mosi, maana hilo litakuja na kusi lenyewe. Yaliyochomwa chokaa hayarudi, najua, tutatafuta mengine. Nataka tuwaambie watu pamoja, wewe na mimi, useme wewe nami nisimame. Naja na mashua ya Ijumaa.

Mwanao,
Kulthum


Matondoni, 21 Ramadhani 1375

Kulthum mwanangu,

Utakapofika Siyu hutanikuta. Ufunguo nimemwachia Mohdhar. Unga uko ndani ya mtungi mkubwa, na kuni nimekupasulia.

Nimekuja Matondoni kwa kazi. Fundi mmoja anatengeneza jahazi na anahitaji mtu wa kumchagulia mbao. Hii ndiyo sababu niliyowapa watu, na wewe pia wape hiyo hiyo.

Nilisimama msikitini juzi baada ya swala ya alasiri. Nikasema, "Jamaa zangu, nina neno." Wote wakageuka. Nikaona nyuso zao, midomo imekauka kwa saumu na kwa chumvi. Nikasema tuombee mvua. Wakasema amin. Nikatoka, nikamwachia Mohdhar ufunguo na ile sababu, nikaenda mashuani.

Fanya utakavyo na nyumba. Usiniambie habari zake.

Babako


Siyu, 3 Mfunguo Mosi 1375

Baba,

Idi njema. Ulisema nisikuambie habari za nyumba, nami nakuambia.

Niliwaambia wanawake kisimani, kwa kuwa msikitini sina pa kusimama. Niliweka mtungi chini nikasema kila kitu: barua yangu ya kuomba orofa, ukuta, mikoko, fahali. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, hata kwa mawe. Kisha mmoja akasema, "Tunajua, mwanangu."

Walikuwa wanajua, baba! Mawe yalipanda na punda katikati ya mji, mchana, mbele ya kila baraza, nani asingeyaona? Walikuwa wanakungoja useme wewe. Ulipotoa fahali walidhani ndipo utakaposema. Ulipotembea naye mpaka ukingoni mwa bonde walisimama kimya ili upate nafasi. Walipoinuka kukuamkia barazani walikuwa wanakungoja. Na wewe ukaiita heshima.

Nikawauliza, mbona hamkumwambia? Hapo wao ndio walioinamisha vichwa. Yule akasema mafiga yake matatu yametoka kwenye ukuta ule. Mwingine akasema kaburi la mumewe. Mwingine, kizingiti cha choo. Miaka yote hiyo kila mtu alikuwa akichukua jiwe lake moja, anasema moja halina neno. Wewe ulichukua yaliyobaki. Mohdhar alikuja mlangoni akiwa amekunja kofia mkononi, hakuweza hata kubisha hodi.

Habari ikafika msikitini kabla ya adhuhuri. Walikuwepo waliotaka kuzungusha ng'ombe wa pili. Mwalimu akawaambia dua tutasoma, lakini tusome huku tunabeba, na asiye na jiwe mkononi asipaze sauti. Watu walicheka kwa mara ya kwanza, naambiwa.

Tumeibomoa orofa. Nilidhani nitalia, na nililia, lakini si kwa chokaa. Ilianguka vipande vipande, nyeupe sana, ilikuwa nzuri kweli, baba. Tumeweka vigingi vya miti safu mbili, katikati mawe na udongo. Mzee wa shamba la chini anataka tuache mlango wa ubao wa kutolea maji ya mvua, mwingine anasema mlango wowote ni ujinga, wamegombana tangu asubuhi. Watoto wanachomeka mbegu za mikoko topeni, nje ya ukuta. Itachukua miaka. Na wamepanga zamu ya kuukagua ukuta kila bamvua likikaribia, na asiondoe mtu jiwe hata la kutupia kunguru.

Nimekwambia yote isipokuwa hili. Umulkheir amerudi, mtoto anatembea. Kuna kisima kimoja kitamu mbali, ndia ya Pate, wanawake hukifuata alfajiri. Kila asubuhi nikifungua mlango nakuta mtungi umejaa kizingitini. Ni yeye. Analeta maji kwangu! Nimemwomba aache, akaniambia nami nina kiu kama watu wengine. Siwezi kuyanywa bila kuona haya, wala siwezi kuyamwaga.

Hawakungoji kukuadhibu. Wanakungoja ubebe. Rudi.

Mwanao,
Kulthum


Matondoni, 8 Mfunguo Mosi 1375

Kulthum,

Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka imelegea mikunjoni. Kwamba walikuwa wanajua ndilo lililonivunja. Nimekaa chini nikiwafikiria mmoja mmoja, kila salamu, kila tabasamu, na sasa kila moja naona ilikuwa swali.

Nimenunua nguzo za mikoko kwa wakataji wa huku, ngumu, za kuimarishia ukuta. Jumatano nitakuja nazo kwa mashua, nipitie mkondo wa Siyu mpaka bondeni. Nitasema. Nimeyapanga maneno. Mwambie Mohdhar awe karibu anipokee.

Babako,
Madi


Siyu, 16 Mfunguo Mosi 1375

Baba,

Bahari imekuja na imerudi. Alhamisi alasiri, pamoja na kusi, mji mzima tukiwa tumesimama bondeni. Maji yalipanda mpaka kiunoni mwa ukuta. Yalipenya pembe moja, Mohdhar na wenzake wakaruka ndani wakaziba kwa udongo na magunia, na wakati wa magharibi yakaanza kushuka. Hakuna aliyeshangilia. Watu walikaa chini hapo hapo matopeni. Usiku wake mvua ilinyesha, na leo tena. Maji ya kisima Umulkheir anasema yanapikika sasa, bado hayanyweki.

Hayo ndiyo mema. Sasa lile lililonifanya nikae kukuandikia.

Nilikuona. Jumatano, tukiwa tumejipanga tunapokezana mawe, mashua yako iliingia mkondoni, ikasimama pale unapopinda. Ulikuwa umesimama mbele, umeshika kamba, unatutazama. Nilikutambua kwa jinsi ulivyosimama. Nilikuwa na jiwe kichwani. Nikasema moyoni, sasa ataita. Ukainama ukamwambia nahodha neno, wakaziteremsha nguzo kwenye tope la ng'ambo, mashua ikageuka. Nguzo tulizifuata, tukazitumia. Zimesaidia.

Nisingekulaumu kwa hilo. Najua lilivyo. Lakini sikiliza kilichotokea huku.

Umulkheir alikuwa nyuma yangu kwenye mstari. Akaniuliza, "Ni nani yule, Kulthum?" Macho yake mazuri kuliko yangu, baba. Alikuwa anajua, na kila mtu kwenye mstari alikuwa anajua, wote wamesimamisha mikono wananisikiliza. Alikuwa ananipa nafasi, kama walivyokupa wewe.

Nikasema, "Simjui."

Nilisema kwa ulimi wangu. Mimi niliyekuandikia kwa ukali, niliyekwenda kwa Bi Hindu kifua mbele, nimeulizwa swali moja dogo kuhusu babangu aliyenilea, nikamkana mbele ya watu kwa kuona haya. Umulkheir alinipokea jiwe akampa wa nyuma yake. Na tangu hapo kila asubuhi mtungi uko mlangoni umejaa, vile vile.

Njoo, baba. Usije kwa kujificha. Njoo mchana, kwa mkondo ule ule, watu wakiwa kazini. Nitakuwa ukutani. Nitamwomba Umulkheir aniulize tena.

Kulthum binti Madi